Uzoefu wangu: gita la bluu lenye picha ya Kibo nililonunua Moshi, niliambiwa ni la 1962

Wadau, nilijiwekea kwamba sitaandika chochote mpaka nikae na hili gita miezi mitatu, na sasa imetimia.

Nipo Arusha, Sakina, napiga solo kanisani na kwenye kabendi ketu ka harusi. Jamaa yangu wa besi ndo aliniambia kuna mzee Moshi, Majengo, anauza Stratocaster ya zamani (lile gita la umeme la kampuni ya Fender), ya 1962, rangi ya kastamu, yaani ya kuagiza maalumu, anataka milioni tatu na nusu. Aisee usingizi sikupata, maana Fender ya Marekani ya 1962 yenye rangi ya kastamu ya kiwandani huko nje inauzwa makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo hapo ama ni bahati ya maisha ama kuna kitu.

Jumamosi asubuhi nikapanda kosta, kwenye begi nina bisibisi ya nyota, tochi, pamba na ile asetoni ya kutolea rangi ya kucha nimemuomba wife. Shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, kaa kwanza unywe chai. Akaenda ndani akarudi nalo limefungwa kwenye kanga, akafungua taratibu. Dah. Bodi bluu iliyoiva, na chini ya daraja la nyuzi mtu kachora kilele cha Kibo kwa mkono, theluji nyeupe na kivuli chake kabisa. Picha zozote mtakazoona haziitendei haki.

Mzee amepiga dansi kwenye mahoteli miaka mingi, na gita alilinunua miaka ya tisini kwa mwanamuziki mwenzake, ambaye ndo alimwambia ni la sixty-two. Hakuwa na nia ya kudanganya mtu, hilo nataka lieleweke.

Nikamwambia mzee naomba nilifungue, nitalirudisha kama lilivyo. Akasita kidogo, akasema fungua lakini skrubu zangu zote zirudi.

Cha kwanza kile kisahani cha chuma cha nyuma kinachoshika shingo. Fender ya 1962 inatakiwa iwe na namba hapo, hii ilikuwa tupu, laini. Swichi ya pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) nayo ina hatua tano, na Fender walianza kuweka ya hatua tano 1977, kabla ya hapo zilikuwa tatu. Ila swichi inabadilishwa na fundi yeyote kwa hiyo sikuihesabu sana. Nikalegeza nyuzi nikatoa skrubu nne, shingo ikatoka. Kwenye za Marekani za wakati ule unakuta tarehe kwenye kisigino cha shingo, pale inapoingia kwenye bodi, mwanzo waliandika kwa penseli, halafu kuanzia 1962 wakagonga muhuri wenye mwezi na mwaka. Hapa hakuna tarehe, kuna muhuri umeandikwa ST62, na nyuma ya kisigino maandishi yamefutika karibu yote, nikaelekeza tochi kwa upande nikaona Japan na namba inayoanza na E.

Hapo nikaelewa hadithi nzima ilikotoka. ST62 ni jina la modeli, yaani Stratocaster iliyotengenezwa kwa kufuata muundo wa 1962, na zilitoka Japani baada ya Fender Japan kuanzishwa 1982, kazi ikifanywa na kiwanda cha FujiGen kule Matsumoto. Namba zinazoanza na herufi E ni za 1984 mpaka 1987. Kuna fundi alifungua zamani akaona 62, akasema ni ya sixty-two, na tangu hapo ndo ikawa hivyo.

Nikafungua na plastiki ya mbele nikacheki zile pot za volyumu na toni, yaani vifaa vya umeme vilivyo chini ya vitasa vya kuzungusha. Za Marekani mara nyingi zina namba mgongoni, ikianza na 137 basi kampuni iliyozitengeneza ni CTS, tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki. Hizi ni ndogo ndogo za Kijapani, hazina namba hiyo, na risasi ya kuunganishia waya haijaguswa, kitu kilichonifurahisha sana.

Sasa rangi. Kwenye uwazi wa pikapu chini ya bluu kuna nyeupe iliyogeuka krimu. Kwa ruhusa ya mzee nikagusa sehemu iliyofichika kwa pamba yenye asetoni, bluu ikatoka, krimu haikutikisika hata kidogo. Hiyo krimu ni poli, yaani rangi ngumu ya plastiki isiyoyeyuka kwa asetoni, ya kiwandani, wakati rangi ya Fender ya 1962 ingeyeyuka. Kumbe bluu alipiga mzee mwenyewe, gereji ya magari hapo hapo Moshi, kwa kompresa, na Kibo akachora jamaa wa mabango. Nikamwambia mzee hata Fender wenyewe miaka ile rangi za kastamu walitumia za magari za DuPont, Lake Placid Blue ilikuwa ya Cadillac, Fiesta Red ya Ford Thunderbird, na mteja aliongeza asilimia 5 tu ya bei. Alifurahi kweli kusikia hivyo.

Nikamueleza yote kwa heshima. Akanyamaza, akaomba tochi, akasoma ule muhuri mwenyewe. Halafu akasema basi kijana wangu sema wewe. Tukamalizana 1,400,000, na kwa Fender ya Japani ya miaka ya themanini yenye pikapu zake naona hakuna aliyeumia.

Sauti: swichi ukiiweka katikati ya pikapu ya daraja na ya kati unapata ile solo nyembamba inayolia kama za dansi la zamani, mimi nimekua nikisikiliza gita la Mbaraka Mwinshehe nyumbani kwetu kwa hiyo mnanielewa. Shingo nyembamba, inakaa tuni hata Njiro kwenye baridi la saa nne usiku. Ubaya wake linavuma, pikapu za koili moja zote ziko hivyo, na kwenye kumbi zetu ambazo umeme hauna ethi linavuma zaidi, ukishika nyuzi linapungua.

Jamaa wawili wameshaniambia nitoe bluu nirudishe krimu ili thamani ipande. Hapana. Fundi wa Ngarenaro amesawazisha daraja na nati (kile kipande cha juu ya shingo kinachopitisha nyuzi) kwa elfu sitini, kazi safi. Freti (vile vyuma vya kwenye shingo) tatu za mwanzo zimeliwa, hizo ntabadilisha nikipata waya mzuri, ila rangi siigusi, na mzee nimemuahidi Pasaka nalipeleka Majengo apige.