Malimau 12 Ndani ya Boksi la Mayai: Tathmini ya Picha Inayofundisha Dalili za Saratani ya Matiti

Nakala ya picha ninayoizungumzia ni ya Kiingereza. Niliichapisha kwa rangi kwenye karatasi ya A3 katika duka la steshenari kwa shilingi 2,000, nami nimeitumia kwa miezi mitatu katika mikutano ya kikoba chetu cha wanawake hapa Morogoro. Inaonyesha malimau 12 yaliyopangwa ndani ya boksi la mayai, kila moja likiwa na badiliko linaloweza kuashiria saratani ya matiti. Aliyeibuni ni Corrine Ellsworth Beaumont, msanifu Mmarekani aliyepoteza bibi zake wote wawili kwa ugonjwa huu, na kampeni yake inaitwa Know Your Lemons, yaani "Yajue Malimau Yako". Picha hiyo ilisambaa sana mitandaoni Januari 2017, baada ya mwanamke mmoja wa Marekani kueleza kwamba aliutambua ugonjwa wake kwa kuona kibonyeo kwenye titi, kwa sababu alikwisha kuona picha ya namna hiyo, ingawa alipojipapasa hakugusa uvimbe wowote.

Hapo ndipo ilipo thamani yake. Wengi wetu tumefundishwa neno moja tu, uvimbe, na mwanamke asiyeuona uvimbe hujihesabu kuwa salama. Kati ya malimau haya, mengi yanahusu mambo yanayoonekana kwa macho: ngozi inayobonyea, mshipa unaojitokeza ghafla, chuchu inayozama ndani wakati zamani haikuwa hivyo, kidonda, majimaji yanayotoka bila kukamuliwa, au titi moja kubadilika umbo au ukubwa. Dalili hizi si za saratani peke yake, na wengi wanaozionyesha hospitalini huambiwa kwamba ni jambo jingine. Kinachotakiwa ni kuzionyesha.

Kwa kuwa maandishi yalikuwa ya Kiingereza, niliyafunika kwa karatasi na kuwaomba wenzangu waseme wanachokiona, na nakiri kwamba maneno yao yalikuwa bora kuliko tafsiri niliyokuwa nimeiandaa. Limau lenye vishimo vidogo walilipa jina papo hapo: dimpozi. Kwamba kitu kinachosifiwa shavuni kinaweza kuwa ishara mbaya kwenye titi ni jambo ambalo hakuna aliyelisahau mkutano uliofuata. Niliwaeleza kuwa ngozi hubonyea kwa sababu uvimbe ulio ndani huvuta nyuzi zinazolishikilia titi, nazo nyuzi huvuta ngozi, ndiyo maana alama hiyo huonekana vizuri zaidi mtu akisimama mbele ya kioo na kuinua mikono. Kuhusu ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, waliuliza kwa haki kabisa kwa nini mchoraji asitumie chungwa lenyewe, hasa kwetu ambao tunamenya machungwa ya Muheza kila msimu. Hali hiyo hutokea seli za saratani zinapoziba mishipa ya limfu, ambayo huondoa maji kwenye ngozi, maji yakajaa humo, ngozi ikavimba huku vitundu vya vinyweleo vikibaki vimedidimia.

Limau lililokatwa katikati nalo limenifaa kuliko nilivyotarajia. Linafundisha kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi huwa mgumu na hausogei, kama mbegu ya limau, na tulipitisha mbegu halisi mkono kwa mkono. Niliongeza tahadhari yangu mwenyewe: upo uvimbe wa saratani ulio laini au unaosogea, kwa hiyo ulaini usiwe sababu ya kubaki nyumbani. Niliongeza pia kwamba mkono ufike hadi kwapani.

Chuchu imepewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Upo ugonjwa wa Paget, aina adimu ya saratani ya matiti, uliopewa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1874, ambao huanza kama ukurutu kwenye chuchu: ngozi hubabuka, huwasha, wakati mwingine hutoa damu, kisha huenea kwenye duara jeusi linaloizunguka. Mtu hupaka mafuta ya ngozi kwa miezi, yanatuliza kidogo, kisha hali inarudi. Limau lenye kidonda linagusia jambo hili, lakini mtu asiyeelezwa hawezi kuliunganisha na muwasho wa kawaida.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye limau la wekundu. Juu ya ganda la njano wekundu unang'aa; juu ya ngozi nyeusi hauonekani hivyo. Kwetu sehemu hiyo inaweza kuwa na weusi uliokolea, au rangi ya zambarau, au isibadilike rangi kwa namna ya kutambulika, na kinachobaki ni joto, uzito na uvimbe wa titi zima. Dosari hii si ndogo, kwa sababu badiliko hilo ndilo linalohusiana na saratani ya matiti inayovimbisha titi zima (kwa Kiingereza inflammatory breast cancer), aina adimu inayokwenda kasi na ambayo mara nyingi haina kinundu cha kupapasa. Chini ya limau hilo nimeandika kwa kalamu: gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha na titi la pili.

Nayasema haya kwa kuwa yametokea kwetu. Wifi yangu alikuwa bado ananyonyesha titi lilipovimba na kuwa la moto. Katika kituo kimoja cha afya alipewa dawa za maambukizi, zikaisha bila nafuu, akapewa nyingine, na hakuna aliyemwambia kwamba uvimbe usiopungua baada ya dozi kamili unahitaji kuchunguzwa upya na pengine kukatwa kipande kidogo cha nyama ili kipimwe. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake ulioanzishwa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Wifi alitumia miezi mitano kabla ya kufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako matibabu yalianza.

Pamoja na kasoro hizo, ningeshauri kila kikundi kiwe na nakala yake na kuibandika ndani ya mlango wa bafu, si ukutani mwa ukumbi, kwa kuwa bafuni ndiko mtu hujiona. Wifi alipoiona kwa mara ya kwanza aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaweka kidole kwenye limau lenye ngozi ya ganda la chungwa akasema lake lilikuwa vile. Lile jekundu alikuwa amelipita.