Intaneti ya nyumbani bila waya: ipi uanze nayo

Kama faiba haijafika mtaani kwenu, usilipie kifaa chochote kabla hujapima. Huu ndio mpangilio wetu kwa mnunuzi wa Kenya na Tanzania.

Ya kwanza ni 5G, ambayo Safaricom na Vodacom Tanzania waliizindua kibiashara mwaka 2022. Azima simu ya 5G yenye laini ya kampuni unayoitaka, simama kwenye dirisha linalotazama mnara, upime kasi kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Kipimo cha mchana hakitoshi, kwa sababu mnara hulemewa watu wakisharudi nyumbani.

Ukishapata ruta, ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio utafute namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -80 hadi -95 ni nzuri, chini ya -105 ni dhaifu. SINR ni usafi wa mawimbi hayo, yaani yanavyozidi kelele na mwingiliano: juu ya 13 utafurahi, chini ya 5 utateseka. Sogeza ruta mita moja moja, mbali na mabati na nondo za dirisha, ukiiangalia SINR zaidi. RSRP nzuri yenye SINR mbovu maana yake minara inaingiliana, na hapo antena ya nje yenye mwelekeo, yaani inayolengwa kwenye mnara mmoja, husaidia kweli. Zote mbili zikiwa nzuri na bado usiku mtandao unasuasua, basi mnara umejaa. Hakuna antena ya kutibu hilo, kwa hiyo usimpe fundi pesa zako.

Uliza pia mambo mawili: kasi inashuka hadi ngapi baada ya kikomo cha matumizi, na kama ruta imefungiwa mtandao mmoja.

Ya pili ni redio ya gigahezi 5 (si 5G), kifaa cha kupokea na kutuma intaneti kwa mawimbi, kinachofungwa juu ya paa na mtoa huduma wa eneo lako. Ikifungwa vizuri hutulia kuliko 5G, lakini ni lazima redio yako na ya mnarani zionane. Na kuuona mnara tu hakutoshi: kwa umbali wa kilomita 5, katikati ya njia unahitaji kama mita 5 za nafasi tupu kuuzunguka mstari wa mawimbi. Mwembe ukirefuka, kasi inapungua, na wengi humlaumu mtoa huduma bure. Dai nguzo iwe na waya wa arthi. Radi huua redio na ruta kwa pamoja.

Starlink, intaneti ya satelaiti iliyoingia Kenya mwaka 2023, tumeiweka ya tatu kwa mjini. Mwishoni mwa 2024 ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi kwa kujaa. Shambani kusiko na mnara, ianze yenyewe. Inataka anga wazi, bila miti wala kuta, na umeme wa wati 50 hadi 100 muda wote, kwa hiyo mwenye sola apige hesabu ya betri kwanza. Mvua kubwa huikata kwa dakika kadhaa.

4G ni ya nne: hufika mbali, lakini unagawana mnara na simu zote za mtaa. Inatosha kwa WhatsApp na masomo.

Satelaiti za zamani, zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ziache mwisho kabisa. Ujumbe kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, na kwenye simu ya video mtakatizana kila sentensi.