Mwandishi alinikosha, kaunta ikanitibua

Mpaka foleni ya saini inaanza, nyota zote tano zilikuwa za duka la vitabu lililomwalika mwandishi atusomee. Nalisema hili mapema kwa anayetaka tu kujua kama usomaji wenyewe ulikuwa mzuri: ulikuwa mzuri mno. Lakini kuna jambo lilitendeka mbele ya macho yangu katika duka lile la vitabu, wiki kadhaa zimepita, na kila nikilikumbuka damu inanichemka upya. Duka silitaji. Waliokuwepo jioni ile wanalijua, na wenye duka wakisoma hapa watajitambua.

Ni duka dogo la mtu binafsi, hapahapa Dar es Salaam. Mara mojamoja humwalika mwandishi. Wanasukuma rafu za vitabu vya watoto ukutani, wanapanga viti vya plastiki, mwandishi anasoma, anaulizwa maswali, kisha anasaini. Safari hii alikuja mtunzi wa riwaya wa kizazi cha wazee wetu, ambaye kitabu chake cha zamani kimechapwa upya. Wengi wetu tulikisoma sekondari kwa kugawana, nakala moja watu wanne, na kurasa za mwisho tulisimuliwa tu kwa sababu zilishachanika.

Alisoma bila haraka. Alipofika kwenye ugomvi wa mama na bintiye alifunga kitabu, akaendelea kwa kichwa, na mama akawa na sauti yake, binti na yake. Kuna mahali alinyamaza akatutazama, mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akaimalizia sentensi, ukumbi mzima ukapiga makofi. Kijana mmoja akamuuliza kwa nini alimuua yule mhusika tuliyempenda sote. Akajibu kwamba yeye aliandika tu, aliyemuua ni kijiji kizima, akaanza kutueleza kilimuuaje, hatua kwa hatua, na nilijiona nakisoma kitabu kile kwa mara ya kwanza. Kwa saa ile moja nawashukuru wenye duka kwa moyo wangu wote.

Mjue na kwa nini jioni kama hizi nazithamini kiasi hiki. Euphrase Kezilahabi, mtunzi wa riwaya na mashairi ya Kiswahili, alifundisha Botswana miaka mingi, na alipofariki Januari 2020 hapa Dar es Salaam, wengi tuliolelewa na vitabu vyake hatukuwa tumewahi hata kuisikia sauti yake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alipewa Nobel ya Fasihi 2021, na mtu aliyetaka kumsoma kwa Kiswahili ikabidi asubiri mwaka uliofuata, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri riwaya yake *Paradise* ikawa *Peponi*. Waandishi wetu tunawajua kwa majina ya kwenye majalada. Kumpata mmoja wao ameketi kwenye kiti hatua tatu kutoka ulipo, akikusomea, si jambo la kila siku.

Sasa foleni.

Utaratibu wao ni huu. Ukinunua kitabu kaunta unapewa kikaratasi cha njano chenye jina lako, unakibandika ndani, mwandishi analiona jina anasaini. Sina neno na hilo, linaokoa muda. Nilinunua, nikabandikiwa, nikapanga mstari.

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja. Shati limepigwa pasi vizuri, kandambili, bahasha ya kaki kwapani. Tuliongea kidogo. Alikuwa mwalimu, amestaafu siku nyingi, na alikuja kwa daladala kutoka Mbagala baada ya mjukuu wake kuona tangazo kwenye simu. Kwenye bahasha alikuwa na kitabu kilekile, lakini toleo la zamani, la Tanzania Publishing House (TPH), kimefunikwa gazeti, mgongo umeshonwa kwa uzi. Alinionyesha ukurasa wa mwanzo. Ameandika jina lake, na chini yake majina ya wanafunzi aliokuwa akiwaazima, mmoja mmoja, kila jina limekatwa mstari baada ya kitabu kurudi. Ukurasa ulikuwa umejaa mpaka pembeni. Mwenye akili ya biashara ya vitabu angeupiga picha ukurasa ule akautundika dukani.

Tulipokaribia meza, dada wa kaunta akapita akikagua vikaratasi. Akafika kwa mzee. Shikamoo hakumpa. Akamuuliza kikaratasi kiko wapi, mzee akamwonyesha kitabu.

"Hicho hakisainiwi. Tunasaini vya leo tu."

Mzee akasema, kwa upole kabisa, "Mwanangu, ni kilekile. Ni cha kwake."

"Nimeshakwambia, mzee. Nunua kipya au toka kwenye mstari."

Akauliza bei. Akatajiwa shilingi 30,000. Alinyamaza, na mtu yeyote mwenye macho angejua kwa nini amenyamaza. Yule dada akamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Basi pisha wenye vitabu."

Wenye vitabu! Mtu aliyekitunza kitabu miaka yote hiyo, aliyekisomesha kwa watoto wa watu mpaka mgongo ukaachia akaushona, anaambiwa awapishe wenye vitabu, na sisi wenyewe tumevinunua dakika kumi zilizopita bado vina harufu ya wino!

Nilimwambia yule dada, tena kwa sauti, kwamba mzee yule ni wa kupelekwa mbele kabisa, si wa kuondolewa. Akanijibu nisiwaharibie utaratibu. Nikamwomba mzee anishikie nafasi, nikamfuata meneja.

Meneja alinisikiliza, hilo nalikubali. Akanieleza kwamba vitabu wamepewa kwa mali kauli, visipouzika jioni ileile vinarudi kwa mchapishaji. Kwamba viti, kipaza sauti na nauli ya mwandishi vyote wamevilipia wao. Kwamba siku za nyuma watu walileta nakala za kudurufu, za bei ya kutupa, wakataka zisainiwe, mwandishi akajikuta anaweka jina lake kwenye kitabu ambacho hatapata hata senti ya mrabaha, yaani fungu lake kwa kila nakala inayouzwa. Hoja nzito zote hizo. Najua duka la vitabu katika mji huu haliendeshwi kwa faida kubwa, na nikikumbuka maduka niliyokuwa nanunua vitabu nikiwa mwanafunzi, mengine leo yanauza simu. Naelewa mtu anayekaba kila mlango.

Lakini nakala ya kudurufu inahusiana nini na kitabu cha TPH? Kile kilichapwa kabla hata ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Kilinunuliwa dukani, kwa fedha halali, katika miaka ambayo mshahara wa mwalimu ulikuwa na mambo mengi ya kufanya kabla ya kununua riwaya. Mrabaha wake ulishalipwa zamani. Na hata kama sheria yenu ni ya chuma, kuna namna ya kumwambia mzee hapana. Unamsalimu. Unamvutia kiti pembeni. Unamwomba asubiri wanunuzi waishe, mwandishi atamsainia mwishoni. Yangewagharimu nini? Sekunde ishirini za kalamu!

Meneja akasema atazungumza na binti. Tukatoka naye. Mzee hayupo. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akasema ametoka, amesema asitufanye tuchelewe.

Zamu yangu ikafika. Sikukipeleka kitabu kwanza, nilimweleza mwandishi. Hasikii vizuri, ikabidi nirudie, na safari ya pili watu wote walisikia. Akaweka kalamu chini. Akauliza: "Toleo la TPH? Lenye jalada la zamani?" Nikamwambia ndiyo, na majina ya wanafunzi ndani. Akasema hilo toleo yeye mwenyewe hana. Nakala yake ya mwisho alimwazima mtu, haikurudi. Akataka mzee aitwe. Vijana wawili wakatoka mbio hadi kituoni, wakarudi mikono mitupu, daladala ya Mbagala ilikuwa imeshaondoka.

Ndipo nilipokasirika zaidi. Duka liliandaa jioni nzima ili mwandishi na wasomaji wake wakutane, na msomaji ambaye mwandishi mwenyewe alimhitaji kuliko sisi sote ndiye aliyefukuzwa mstarini kwa kukosa kikaratasi cha njano. Mwandishi aliendelea kusaini, lakini hakuongea tena na mtu. Aliandika jina, akarudisha kitabu, akapokea kingine. Changu kimesainiwa. Sijakifungua mpaka leo.

Nyota ngapi basi? Nilianza kuandika hapa nikiwa na nyota mbili kichwani. Nikikumbuka ule usomaji napanda hadi nne, maana hakuna ukumbi mwingine mjini nilikosikia riwaya ya Kiswahili ikisomwa hivyo, na duka hili likifungwa nitalia. Kisha nasikia tena "pisha wenye vitabu", narudi kwenye moja. Andikeni mbili. Hapana, moja. Ile ya pili nitawaongezea siku wakibandika mlangoni kwamba kitabu chochote halali cha mwandishi, kipya au kikuukuu, kitasainiwa baada ya foleni ya wanunuzi kwisha, na siku nikimwona yule dada akimsalimu mtu mzima kabla ya kumuuliza kikaratasi.

Mwezi ujao wametangaza mshairi kutoka Pemba. Nitakwenda, kwa ajili yake. Kitabu chake nitakinunua kwa mchapishaji, nitakibeba mkononi bila kikaratasi, na nitapanga foleni.

Na kama unamfahamu mwalimu mstaafu wa Mbagala mwenye kitabu kilichoshonwa uzi, mwambie mwandishi aliacha namba yake ya simu kaunta kwa ajili yake. Amesema atamfuata kwake mwenyewe, asipande tena daladala. Meneja aliichukua namba ile mbele yangu, akaiweka kwenye droo ya fedha. Muulizeni yeye, msimuulize mwingine pale.