Kibali cha bima kwa upasuaji wa kupunguza uzito: uzoefu wangu

Bima yangu ililipia upasuaji wa kupunguza uzito, ila mara ya kwanza walinikatalia. Namwandikia yule aliyeambiwa na daktari kwamba anafaa kufanyiwa, akafurahi, halafu akaanza kusikia habari za kibali. Daktari kukubali ni jambo moja na bima kukubali ni jambo jingine kabisa. Anayeamua huko bima hajakuona wala hatakuona. Anasoma faili, na kisichoandikwa humo kwake hakikutokea.

Kabla ya kipimo chochote, omba mkataba kamili wa bima yako, si kile kijitabu cha matangazo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Ipo mikataba inayosema wazi kuwa upasuaji wa unene haumo, na hapo hata ukija na barua za madaktari kumi ni vigumu kukata rufaa kukusaidie. Mimi nilipiga simu huduma kwa wateja, dada aliyepokea akaniambia, "Upo, usiwe na wasiwasi." Nikamshukuru, nikamwomba anitumie ukurasa wenye masharti. Alinitumia, na ukurasa ule nilikuja kuushika kama silaha baadaye.

Sharti kubwa ni BMI: uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kampuni nyingi bado zinashikilia kiwango kilichotokana na kikao cha wataalamu kule Marekani mwaka 1991, yaani 40 na kuendelea, au 35 na kuendelea kama una ugonjwa mzito unaoletwa au kuchochewa na unene, mfano kisukari, presha au pumzi kukatika usingizini. Kwa mtu wa mita 1.65, BMI ya 40 ni kama kilo 109, na ya 35 ni kama kilo 95. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS na IFSO, vilitoa mwongozo mpya: 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari aina ya pili afikiriwe kuanzia 30. Bima hailazimiki kuufuata. Yangu haikuufuata, na nadhani wanaumiza watu bure kwa kung'ang'ania kiwango cha zamani.

Mimi nilikuwa kati ya 35 na 40, kwa hiyo kesi yangu yote ilisimama juu ya magonjwa. Presha ilikuwa imeshaandikwa hospitalini. Suala la pumzi ndilo lililohitaji kazi. Mume wangu alikuwa akiniamsha usiku kwa hofu, nimenyamaza kabisa kisha nikashtuka kama mtu aliyeibuka majini, lakini kwa bima maneno hayo si ushahidi. Wanataka ripoti ya kipimo cha usingizi. Unalala umebandikwa nyaya kichwani, mkanda kifuani, kibanio kidoleni, na mashine inahesabu pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Namba ile moja ilikuwa na nguvu kuliko maelezo yangu yote.

Halafu kuna miezi ya lishe chini ya usimamizi. Wengine hudai mitatu; wangu walidai 6 mfululizo, na ukiruka mmoja unaanza upya. ASMBS wenyewe wamesema hakuna ushahidi kwamba sharti hili linamsaidia mgonjwa, na mimi nakubaliana nao: ni kuchelewesha tu. Ila mtaalamu wa lishe niliyempata alikuwa hazina. Alinifundisha kuanza na protini, kutafuna mpaka chakula kilainike, na kutokunywa maji katikati ya mlo, mambo ambayo baada ya upasuaji huna ujanja wa kuyakwepa.

Tathmini ya mwanasaikolojia, damu, kamera ya tumboni, kipimo cha nikotini: hayo yalipita bila shida.

Barua ya kukataliwa ilisema upasuaji "haujathibitika kuwa wa lazima kitabibu". Basi. Nilidai kwa maandishi waseme ni sharti gani hasa halikutimia, ndipo ukweli ukatoka: kwenye fomu ya mwezi mmoja, kisanduku cha uzito kilikuwa kitupu. Tarehe ipo, sahihi ipo, muhuri upo, na mimi nilipanda mzani siku ile. Kliniki hawakujaza tu. Nililia kwa hasira. Muuguzi mmoja akatafuta daftari la mapokezi, uzito wangu ukaonekana humo kwa mwandiko wa siku ile ile, na mtaalamu wa lishe akaandika barua ya kusahihisha. Nikaambatanisha ule ukurasa wa masharti, kila sharti na ushahidi wake pembeni. Daktari mpasuaji naye akaomba kuzungumza moja kwa moja na daktari wa bima. Ulizia hatua hiyo mapema, kwa sababu nafasi yake huwa ya muda mfupi na mara nyingi hakuna atakayekuambia ipo. Kibali kikatoka.

Tangu hapo, kwa kila miadi nawashauri wenzangu waombe nakala kabla ya kutoka mlangoni, wasome tarehe, uzito, maelezo na sahihi papo hapo.

Huduma ya bima yangu naipa wastani. Kwenye simu walikuwa wastaarabu na malipo yalifika bila usumbufu, lakini kumnyima mtu matibabu bila kumtajia sababu yenyewe ni ukatili.

Ukipata kibali, kisome chote. Angalia aina ya upasuaji iliyotajwa, hospitali, kama daktari wa dawa ya usingizi, anayekulaza wakati wa upasuaji, amejumuishwa, na tarehe ya mwisho, maana kibali huisha muda. Uliza pia kuhusu yanayofuata. Kuondoa ngozi iliyolegea, bima nyingi huhesabu ni urembo. Vipimo vyangu vya damu vya kila mwaka vinalipiwa. Vitamini, ambazo ni za maisha yote, nanunua mwenyewe.