Tahadhari kwa mahujaji na wageni wa Roma: samaki wa euro 7.50 aliyetugharimu euro 120

Natoa tahadhari hii kwa parokia, jumuiya na familia zinazojiandaa kwenda Roma, hasa wale watakaofikia karibu na Vatikani. Oktoba 2025, tulipokuwa huko kwa hija ya Jubilei, wanne kati yetu tulilipishwa euro 197.80 kwa chakula cha mchana ambacho tuliamini kisingezidi euro 55. Jina la mgahawa sitalitaja, kwa kuwa mbinu iliyotumika haiko pale peke yake, na mtu atakayeukwepa mlango mmoja bila kuijua mbinu yenyewe anaweza kunaswa katika mlango unaofuata.

Tulikuwa tumetoka kupita Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro baada ya kusimama kwenye foleni tangu asubuhi, na wawili kati yetu ni wazee ambao miguu ilikuwa imeshachoka. Katika mtaa mmoja mwembamba ulio jirani na Via della Conciliazione alisimama kijana nadhifu mwenye menyu mkononi, akatusalimu kwa heshima, akatuonyesha kwa kidole mstari wa samaki wa siku uliokuwa na bei ya 7.50. Watu wa kazi hii Waitaliano huwaita buttadentro, yaani wanaowasukumia watu ndani. Sisi tungewaita wapiga debe. Tuliketi, wawili wakachagua samaki na wawili tambi.

Kando ya ile 7.50 palikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa herufi ndogo: all'etto. Naomba kila anayesoma hapa ayakariri maneno hayo kabla ya kupanda ndege. Etto moja ni gramu 100, kwa hiyo bei ile haikuwa ya sahani wala ya samaki mzima, bali ya kila gramu 100, sawa na euro 75 kwa kilo. Mhudumu alituletea samaki wawili wabichi kwenye sinia, akauliza kama wanatufaa, nasi tukaitikia kwa kichwa tukidhani ni ukarimu wa kutuonyesha kwamba ni wabichi kweli, kumbe kuitikia kule ndiko kulikohesabiwa kuwa kukubali. Samaki walirudishwa jikoni, wakapimwa tusikoona, wakiwa na vichwa na miiba yao, na kwenye bili uzito ukaandikwa kilo 1.6, yaani euro 120. Tambi zilikuwa euro 28, maji chupa mbili euro 12, mkate ambao hatukuuagiza euro 12, na juu ya hayo yote ikawekwa asilimia 15 ya huduma, ambayo ni euro 25.80. Mzee mmoja alitoa sehemu yake kutoka katika fedha alizokuwa ametenga kwa ajili ya rozari na zawadi za wanajumuiya wenzake, na jambo hilo bado linaniuma kuliko hesabu yenyewe.

Kupima samaki kwa etto si kosa kisheria, na hata migahawa ya heshima hufanya hivyo. Pizza ya vipande inayouzwa Roma kote pia hupimwa kwa etto, lakini pale muuzaji anakata mbele yako, anaweka kwenye mizani unayoiona, na unaweza kumwambia apunguze kabla hujalipa. Ubaya unaanza pale mgeni anapoonyeshwa tarakimu bila kuelezwa kipimo. Vilevile mkiona herufi S.Q. mahali ambapo bei ilipaswa kuandikwa, jueni kwamba bei itategemea kiasi kitakachopimwa, hivyo msiagize mpaka mhudumu aandike kwenye karatasi jumla ya samaki yule mnayemwona, kwa euro.

Kuhusu mkate, mkoa wa Lazio, ambao Roma imo ndani yake, ulikataza kwa sheria ya mwaka 2006 ile tozo ya kukalia meza iitwayo coperto. Ndiyo maana migahawa mingi ya Roma huandika pane, yaani mkate, na kutoza kwa kila kichwa. Mkate usiouagiza mnaweza kuukataa mara tu unapoletwa, kwa maneno mawili: no, grazie. Someni pia chini kabisa ya menyu kama kuna neno servizio, yaani huduma, pamoja na asilimia, kwa sababu penye tozo hiyo hamna deni la bakshishi juu yake, hata mhudumu akisimama na mashine ya kadi akisubiri mwongeze.

Msidhani yaliyotupata yanawapata wanaotoka Afrika tu. Septemba 2019 magazeti ya Italia yaliandika habari za watalii wawili kutoka Japani waliotozwa euro 429.80 karibu na Castel Sant'Angelo, mwendo mfupi kutoka Vatikani, kwa sahani mbili za tambi na samaki pamoja na maji, na ndani ya kiasi hicho mlikuwa na euro 80 za bakshishi.

Siku mbili baadaye Sista mmoja wa kwetu anayesoma huko alituchukua kwa metro mpaka kituo cha Piramide, tukatembea hadi soko la Testaccio, mtaa uliokua kandokando ya machinjio ya zamani ya jiji. Tulikula supplì, ambayo ni kitonge cha wali wenye nyanya na jibini kilichokaangwa, pamoja na mikate iliyojazwa nyama ya kuchemshwa, bei zote zikiwa zimeandikwa ukutani, wanunuzi wengi wakiwa wenyeji wenye vikapu vyao. Kwa asiyetaka kwenda mbali na Vatikani, mitaa ya Prati iko karibu, na huko Warumi wenyewe hula mchana wakitoka ofisini. Maji msinunue kwa bei za mezani mnapotembea, kwa kuwa jiji lina chemchemi za mabomba ziitwazo nasoni zipatazo 2,500, zinazotoa maji safi ya kunywa bila malipo, chukueni chupa.

Ikiwa bili imeshaletwa na mnaona haieleweki, msitoe kadi kwanza. Ombeni bili iliyochanganuliwa mstari kwa mstari, ombeni menyu ileile mliyoonyeshwa nje, na mpige picha vyote viwili. Sisi hatukufanya hivyo, na tulipoomba menyu baada ya kulipa tuliletewa nyingine. Daini risiti ya kodi. Anayekataa kuitoa anaweza kuripotiwa kwa Guardia di Finanza, yaani polisi wa fedha na kodi, kwa namba 117, na mkizuiliwa kutoka au mkitishwa, namba ya dharura ni 112. Kiongozi wa kundi awe na namba hizo mbili kwenye simu yake kabla ya kundi kuondoka nyumbani, na wazee wasiachwe kwenda kula peke yao katika siku ya kwanza.