Uzoefu wangu wa kusomea kumbukumbu na nyaraka: kozi ilinipa nini, na ilipungukiwa wapi

Nimemaliza stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Masomo yenyewe yalikuwa ya masafa, halafu mafunzo kwa vitendo nikayafanyia kwenye masijala na kwenye hifadhi ya nyaraka. Chuo sikitaji, maana ninayotaka kusema yatamfaa mtu anayefikiria kuingia kwenye fani hii popote atakapoisomea. Somo la tathmini ya kumbukumbu peke yake lilistahili ada yote. Somo la kumbukumbu za kielektroniki lilinisikitisha.

Nianze na lililonikamata, tathmini, yaani kuamua kumbukumbu ipi ibaki na ipi iteketezwe. Ofisi yoyote huzalisha karatasi nyingi kuliko inavyoweza kuhifadhi, na sehemu ndogo tu ndiyo hubaki milele. Nani anaamua? Tulifundishwa mabishano ya zamani ambayo hayajaisha. Mwaka 1922 Mwingereza Hilary Jenkinson alishikilia kwamba mtunza nyaraka hapaswi kuchagua, kwa kuwa akichagua anaingiza mkono wake kwenye ushahidi. Kazi hiyo aifanye aliyeziunda. Mwaka 1956 Mmarekani Theodore Schellenberg akaja na hoja kwamba kumbukumbu zina thamani ya msingi kwa ofisi iliyoziunda na thamani ya pili kwa watafiti wa baadaye, na thamani hiyo ya pili lazima mtaalamu wa nyaraka aipime. Mimi niko upande wa Schellenberg. Hata hivyo onyo la Jenkinson linanijia kila ninaposhika orodha ya kuteketeza.

Zoezi la somo hilo la tathmini lilikuwa hivi: unapewa orodha ya makundi ya kumbukumbu za taasisi moja, na kwa kila kundi unaandika likae miaka mingapi baada ya jalada kufungwa, kisha liteketezwe au lipelekwe hifadhi ya kudumu, na sababu yake. Mkufunzi alirudisha kila jibu lililosema tu “lina umuhimu wa kihistoria”. Muhimu kwa nani? Linathibitisha jambo gani ambalo halipatikani kwenye jalada jingine? Stakabadhi za vifaa vya ofisi zilipita haraka. Majalada binafsi ya watumishi yalitugawa darasa zima, kwa sababu mtu anaweza kuyahitaji miaka mingi baada ya kustaafu, anapodai haki yake.

Kitu cha pili ni upangaji. Kwenye mafunzo kwa vitendo tulipewa maboksi ya chama kilichokwisha kuvunjwa, karatasi zimechanganyika: mihtasari ya vikao, barua, risiti. Mkono wa kila mtu ulikimbilia kuzipanga kwa tarehe. Tukazuiwa. Kwanza andika kila kitu kilivyokutwa, kiko wapi na kimefuatana na nini. Kwenye folda moja kulikuwa na barua ya malalamiko ya wanachama, na nyuma yake barua ya mweka hazina kujiuzulu. Ukizipanga kwa tarehe, zinatengana. Zikiachwa alivyoziweka karani, unaona kwamba kwa chama lile lilikuwa shauri moja. Kanuni ya kuheshimu mpangilio wa asili wa nyaraka, ambayo hifadhi ya nyaraka ya Prussia, Ujerumani, iliiweka kwenye taratibu zake mwaka 1881, nilikuwa nimeikariri kitabuni. Kwenye folda ile ndipo nilipoielewa.

Uhifadhi wa karatasi ulifundishwa vizuri, kwa vitendo: kutoa pini zenye kutu, kutenganisha vipande vya magazeti vinavyotia doa karatasi ya jirani, kuandika kwa penseli tu, kutambua kwa harufu ya siki filamu ya asetati iliyoanza kuharibika. ISAD(G), kiwango cha kimataifa cha kuandika maelezo ya nyaraka zilizohifadhiwa, nacho kilieleweka, kwa kuwa tuliandika maelezo ya maboksi yale yale, tukianza na mkusanyo mzima na kushuka hadi jalada moja moja.

Sasa malalamiko. Somo la kielektroniki lilikuwa karibu lote kuhusu kuskani. Kuskani ni kutengeneza nakala. Kuitunza nakala hiyo isomeke na iaminike baada ya miaka ishirini ni kazi nyingine kabisa. Kiwango cha ISO 14721, kinachoeleza hifadhi ya kidijitali inavyopaswa kufanya kazi, kilitajwa kwenye slaidi moja. Hakuna aliyetuonyesha jinsi ya kukokotoa namba ya uhakiki ya faili, ile ambayo yaliyomo yakibadilika hata herufi moja nayo inabadilika, ukajua faili limeguswa au limeharibika. Barua pepe, ambazo ndizo kumbukumbu za ofisi za leo, hazikuguswa kabisa. Nililazimika kujifunza mwenyewe kwa programu za AtoM, ya kuandika na kuonyesha maelezo ya nyaraka, na Archivematica, ya kuhifadhi faili za kidijitali, zote za chanzo huria, unazisakinisha bila malipo. Chuo kinachotoza ada mwaka huu hakina udhuru wa kuliacha pengo hilo.

Kwa anayetaka kuonja fani kabla ya kulipa, ziko moduli za mafunzo zilizotolewa mwaka 1999 na International Records Management Trust kwa kushirikiana na Baraza la Kimataifa la Nyaraka. Zinasomwa bure. Kwa upande wa masijala na ratiba za utunzaji bado ni imara. Upande wa kompyuta umepitwa na wakati. Zisome taratibu. Kama sura ya tathmini haikuvuti, kozi nzima itakuchosha.

Na kabla ya kujiandikisha, kiulize chuo maswali haya: mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi, na mwanafunzi anashika majalada halisi au anatazama tu? Nani anafundisha somo la kielektroniki, na amewahi kuendesha mfumo wa kumbukumbu kazini? Wakikujibu kwa kukutumia kipeperushi, endelea kutafuta.