TAHADHARI: Muuzaji anayegeuza Smith & Wesson ya toleo la pili kuwa ya kwanza

Ndugu wakusanyaji, yuko muuzaji kwenye minada ya mtandaoni anayeuza rivolva ndogo za Smith & Wesson Model No. 1, zile za risasi saba za .22 ambazo nyundo hupiga ukingo wa kitako cha ganda, na anadai kuwa ni za toleo la kwanza. Aliyoniuzia mimi ni ya toleo la pili, na namba yake ya kiwandani imechezewa kwa makusudi.

Tulizungumza kwa video. Aliishika bastola chini ya taa, akalegeza komeo, mtutu ukainuka kwenye bawaba yake ya juu, akachomoa silinda na kunionyesha matundu yote saba, moja baada ya jingine, kisha akaigeuza ili mwanga uangukie chini ya mpini, ambako zilisomeka tarakimu nne tu. "Haifiki hata elfu kumi," akasema kwa utulivu, "na wewe unajua maana yake." Nilijua. Toleo la kwanza lilitengenezwa kati ya 1857 na 1860 na kuishia karibu na namba 11,671, na toleo la pili likaendeleza hesabu hiyo hiyo hadi likapita laki moja, kwa hiyo tarakimu nne ni hoja nzito kwa yeyote anayezijua silaha hizi. Zaidi ya hayo, alikuwa amenieleza bila kubabaika jinsi hataza (haki ya kipekee ya uvumbuzi) ya mvumbuzi Rollin White ya 1855, ya silinda iliyotobolewa kutoka mwanzo hadi mwisho, ilivyowalinda Smith & Wesson dhidi ya washindani hadi 1869. Ni nani angemdhania utapeli mtu mwenye elimu ya namna hiyo? Nikalipa.

Nilipofungua skrubu ya mpini, nilikuta upande wa ndani wa ubao umegongwa tarakimu tano, nne za kwanza zikiwa zile zile za kwenye fremu. Kwenye fremu, ya tano ilikuwa imesagwa, na fremu yote ikapakwa nikeli upya ili kuficha alama za msasa. Mtu huyu hakuniibia fedha tu. Ameiharibu bastola halali ya enzi zile, ambayo ingeheshimiwa kwa jinsi ilivyo, na hakuna fundi atakayeirudishia thamani yake.

Tazameni ubavu wa fremu kabla ya kutazama namba. Toleo la kwanza lina ubavu uliovimba kidogo wenye kifuniko cha duara kinachofunika mitambo ya ndani. La pili lina ubavu bapa, na kifuniko chake ni kikubwa na si duara. Katika video yote ile kidole gumba chake kilikaa hapo hapo. Kingo za mtutu wa pembe nane zilizofifia nazo ni dalili ya msasa, na namba iliyoegemea upande mmoja pia. Dai picha za ndani ya mpini; akikataa, achana naye.

Waendesha minada wamfungie milango yote, arudishe kila senti, na afikishwe mahakamani kwa kughushi namba ya silaha, jambo ambalo ni zito kuliko udanganyifu wa bei. Picha za ubao na za sehemu iliyosagwa ninazo. Kila aliyeuziwa naye afungue mpini wake leo na aniandikie, tupeleke malalamiko kwa pamoja.